Biti Ni ya Anayeimba: Mafunzo Niliyopata Nikijifunza Uprodyuza

Kijana wa Dar es Salaam anayetaka kuwa prodyuza leo hana haja ya kumwomba mtu ruhusa. Laptopu ya mtumba kutoka Kariakoo, hedifoni za kawaida na programu moja ya kutengenezea muziki vinamtosha kuanza. Programu iliyoenea sana mitaani kwetu, FL Studio, ilitoka Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops. Wakati huo ilikuwa kifaa kidogo tu cha kupangia midundo, na jina la sasa ililipata mwaka 2003. Kizazi kilichotutangulia, cha kina P-Funk Majani wa Bongo Records na Master J wa MJ Records, kilifanya kazi wakati studio zilikuwa za kuhesabika na msanii alilazimika kusubiri zamu. Sasa studio iko chumbani, pembeni ya kitanda. Ugumu umebaki palepale ulipokuwa: kutengeneza biti ambayo mtu akiisikia mara moja, mdomo unafunguka wenyewe.

Haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya wanaoanza, hasa wale wanaokesha na hedifoni masikioni huku nyumba nzima imelala. Nimeyapata kazini, kwa waimbaji, kwa wapiga ngoma na kwa spika mbovu za mtaani. Yote yanasimama juu ya imani moja: biti ni ya anayeimba na anayecheza. Ukishamjua huyo mtu, maswali mengi ya kiufundi yanajijibu.

1. Msikilize mwimbaji kabla hujafungua programu

Nafanya kazi na dada mmoja anayeimba kwaya Kinondoni, na ni yeye aliyenipa utaratibu ninaoufuata mpaka leo. Akifika, siwashi kitu. Namwomba aimbe chochote akipendacho bila ala yoyote, nami narekodi kwa simu. Baadaye natafuta kwenye kinanda mambo mawili: noti ya chini kabisa anayoifikia bila sauti kupotea, na noti ya juu anayoipanda bila shingo kukaza. Katikati ya hizo mbili ndipo wimbo utakapokaa. Oktava moja ina noti 12, na noti moja tu juu au chini inaweza kuamua kama kiitikio kitaimbwa kwa raha au kwa mateso. Siku moja alisimama mbele ya maiki, akajaribu kiitikio, akatikisa kichwa.

"Nishushie mbili, kaka."

"Mbili tu, dada?"

"Mbili zinatosha."

Nikashusha. Sauti yake ikafunguka hapohapo, akaanza kuweka manjonjo ambayo hakuna aliyemwomba.

Kushusha noti za kinanda ni kazi ya sekunde chache. Sampuli za gitaa na za sauti za watu ndizo zenye shida, kwa sababu ukizivuta sana chini zinakuwa nzito na za uvivu, na ukizivuta juu zinakuwa za kitoto. Ndiyo maana napenda kuijua sauti ya mtu kwanza, halafu ndiyo nichague vifaa.

Kwa wanaochana, naangalia kitu kingine. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mistari yetu mingi hufunga na silabi nzito, kisha silabi moja nyepesi inaifuata kama mkia. Rapa akishusha silabi nzito juu ya pigo la nne, ule mkia unaangukia baada ya pigo. Ukijaza hapo kengele, kiki ya ziada au sauti yoyote kali, unaufunika mwisho wa mstari, na mwisho wa mstari ndipo vina vinapokaa. Prodyuza anayepigia Kiswahili anapaswa kukiacha wazi kile kipenyo kidogo baada ya pigo la nne. Masomo ya mtandaoni yanayofundishwa kwa Kiingereza hayawezi kukwambia hili, maana lugha yao haitembei hivyo.

2. Hesabu kwa mwili ndipo uhesabu kwa visanduku

Ukifungua programu nyingi za muziki, unakutana na visanduku 16: mapigo manne, kila pigo limegawanywa mara nne. Mwanafunzi anadhani muziki wote duniani uko hivyo. Lakini ngoma nyingi za pwani yetu zinagawanya pigo kwa tatu. Chakacha, ambayo wanawake wa Mombasa na Lamu wameicheza vizazi na vizazi, iko kwenye hesabu ya sita. Ukijaribu kuilazimisha ndani ya visanduku 16, inatoka imepinda, na wewe unabaki kushangaa kwa nini haimpandishi mama yako mzuka.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mpiga ngoma, jirani yetu Temeke. Nilimfuata na laptopu kwapani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hiyo mashine iweke kwenye mkeka kwanza. Simama, tembea."

Nikatembea uani, yeye akihesabu kwa sauti moja mpaka sita, tena na tena. Mguu wa kulia ulikanyaga kwenye moja, wa kushoto kwenye nne. Alipoona miguu imetulia, akaniambia nipige makofi kwenye moja, tatu na tano. Yaani miguu inapiga mara mbili wakati mikono inapiga mara tatu, na vyote vinakutana kwenye moja. Mwanzoni mikono inataka kuifuata miguu. Ukivumilia, ghafla mwili unakubali, na unasikia wimbo wa tatu ambao hakuna kiungo kinachoupiga: unatokea kati ya makofi na nyayo. Huo wimbo wa katikati ndio unaowainua watu vitini. Babu alicheka, akachukua ngoma yake ya chapuo akaongeza mdundo, na watoto wa majirani wakaanza kucheza pale uani bila kuambiwa.

Nikarudi kwenye laptopu. Kwenye mipangilio ya programu unaweza kuamua pigo ligawanywe mara ngapi. Ukiandika tatu badala ya nne, unapata visanduku 12. Weka kiki kwenye cha 1, 4, 7 na 10. Weka kofi kwenye cha 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Usiongeze kitu. Sikiliza kwanza, tembea nacho chumbani. Ukishaupata kwenye mwili, utajua mwenyewe ngoma ya juu iingie wapi, na utaweza kuupeleka mdundo huo hata kwenye biti ya kisasa yenye besi nzito.

Tangu siku hiyo, mdundo wowote ambao siwezi kuupiga kwa mikono na miguu siuandiki kwenye kompyuta.

3. Okota sauti za mtaani kwako

Vifurushi vya sauti vinavyopakuliwa mtandaoni ni vizuri, na mimi navitumia. Lakini sneya ileile uliyonayo wewe anayo kijana wa Atlanta, wa Lagos na wa Manila. Sauti ambayo ni yako peke yako iko nje ya mlango.

Jioni, muuza kahawa anapita na birika lake la mkaa, mkononi ana vikombe vidogo vya kaure anavyovigonganisha ili watu wajue amefika. Sikiliza kwa makini anavyofanya: vikombe viwili au vitatu viganjani, vidole vinavibana na kuviachia, na mlio unabadilika kadiri anavyofungua kiganja. Mlio huo uko juu, ni mfupi, una kengele kidogo ndani yake. Nilinunua kahawa, nikamwomba anigongee karibu na simu, naye akafanya kwa moyo kabisa, hata akanionyesha mtindo wake wa kuita wateja siku ya Ijumaa. Nikakata mlio mmoja mmoja, nikaondoa masafa ya chini yaliyobeba kelele za barabara, nikauweka mahali pa haihati. Biti ikapata anwani. Mtu wa Dar akiisikia anatabasamu kabla hajajua anatabasamia nini.

Wapaka rangi za kucha wanavyotikisa chupa zao, konda wa daladala anavyopiga bati kuashiria gari liondoke, mchi unavyotua kwenye kinu: vyote hivyo ni ala. Rekodi karibu, kama sentimita 20 kutoka kwenye simu, na uchukue milio mingi ya kitu kimoja. Mlio mmoja ukirudiwa bila kubadilika, sikio linachoka. Mitano inayotofautiana kidogo inasikika kama mkono wa mtu.

4. Kadiri kasi inavyopanda, sauti ziwe fupi

Singeli imetufundisha hili sote. Kwenye studio ya Sisso, Mburahati, vijana walikuwa wakitengeneza midundo inayovuka mapigo 200 kwa dakika na kuelekea 300, na mwaka 2017 kazi zao zikatolewa kwenye albamu ya Sounds of Sisso na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Dunia ikashtuka. Wa Mbagala na Tandale hawakushtuka, walikuwa wakiicheza kwenye sherehe za vigodoro siku nyingi, na kabla yake waliicheza mchiriku iliyopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio.

Fanya hesabu. Kwenye mapigo 200 kwa dakika, pigo moja linachukua milisekunde 300. Kiki yenye mkia wa nusu sekunde itakuwa bado inanguruma wakati nyingine imeshaingia, na matokeo yake ni uji. Kata mikia. Fupisha kiki, fupisha besi, punguza mwangwi. Kwenye biti ya polepole, fanya kinyume: zipe sauti muda wa kufa zenyewe.

5. Milisekunde 24

Biti za wanaoanza zina dalili moja. Kila kitu kimekaa kwenye mstari sawasawa, na hakuna anayetingisha kichwa.

Programu ina kitufe cha kunyoosha noti zote, na kitufe hicho ni kitamu. Lakini mpiga ngoma hai hachezi hivyo. Roger Linn, mhandisi wa Marekani aliyebuni mashine za midundo, aliliona jambo hili mapema na akaweka kwenye mashine zake, ikiwemo MPC60 ya Akai iliyotoka mwaka 1988, uwezo wa kuchelewesha kidogo kila noti ya pili, yaani swingi. Tuseme biti yako ina mapigo 100 kwa dakika. Pigo moja ni milisekunde 600, na ukiligawa mara nne, kila kipande ni milisekunde 150. Ukiweka swingi ya asilimia 58, noti ya pili ya kila jozi inasogea kutoka milisekunde 150 hadi 174. Ni milisekunde 24 tu, hakuna anayeweza kuzihesabu kwa akili, ila kiuno kinazihesabu.

J Dilla wa Detroit alikwenda mbali zaidi. Alizitoa noti zake nje ya mstari kwa makusudi, nyingine zikawahi, nyingine zikachelewa, na mpaka leo wapiga dramu wanajifunza kuiga mwendo huo. Alifariki mwaka 2006, na MPC aliyoitumia imehifadhiwa kwenye makumbusho ya taifa ya historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi mjini Washington. Mashine ya mtu wa biti imewekwa makumbusho. Hilo linanipa moyo sana ninapokaa na kusogeza haihati kwa unywele mmoja.

Zoezi langu: nyoosha kiki tu. Haihati na sneya zipige kwa vidole, juu ya meza hata kama huna kinanda, kisha sogeza zile zilizokosea vibaya pekee.

6. Jifunze nafasi kwa bendi za dansi

Kaa na rekodi za Mlimani Park, wana Sikinde, bendi iliyoanza mwaka 1978, na usikilize magitaa tu. Sahau waimbaji kwa muda. Gitaa la rithimu linazunguka na kifungu kifupi, halibadiliki ovyo. Gitaa la solo linajibu pale rithimu ilipopumua. Besi haifuati yeyote kati yao; inaruka pigo, inaingia pale usipoitegemea, inanyamaza. Tarumbeta zinasubiri mwimbaji amalize sentensi ndipo ziseme lao. Watu wengi jukwaani, na hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Nilichukua wimbo mmoja wa aina hiyo, nikachora kwenye karatasi mistari ya kila ala, nikaweka alama pale inapopiga. Karatasi ikanionyesha kitu ambacho masikio yalikuwa yakikisikia bila kukielewa: alama zimepishana karibu kila mahali. Sasa nikitengeneza biti nachora vivyo hivyo. Ala tatu zikiangukia kisanduku kimoja, mbili zinahamishwa au zinafutwa.

Nairobi nako kuna somo. Genge, mtindo wa rapu uliotoka kwa prodyuza Clemo pale Calif Records, ulibebwa na biti nyepesi zenye nafasi tele, na ndani ya nafasi hiyo Jua Cali na Nonini wakasikika kila neno. Sheng inahitaji kusikika, maana raha yake yote iko kwenye maneno.

Biti ikiwa tamu mno bila mwimbaji, naanza kuishuku. Naizima ala moja moja huku nikiimba hata kwa kubuni maneno, na ile ambayo kutoweka kwake hakujaniuma, inaondoka.

7. Besi lazima ipite kwenye simu

Wasikilizaji wetu wengi wanakutana na wimbo kwa mara ya kwanza kwenye spika ya simu. Spika hiyo ni ndogo kuliko sarafu, na masafa ya chini kabisa haiwezi kuyatoa. Besi yako nzito yenye noti ya A ya hezi 55, inayotikisa dirisha kwenye spika kubwa, kwenye simu inaweza kutoweka kabisa, na wimbo ukabaki haihati na mwimbaji.

Uzuri ni kwamba sikio lina hekima yake. Noti ya hezi 55 inapopigwa na ala ya kweli, huja pamoja na ndugu zake wa hezi 110, 165, 220 na kuendelea. Sikio likiwasikia hao ndugu, ubongo unamjaza yule wa chini mwenyewe, hata kama hayupo. Kwa hiyo kazi yako ni kuwaita hao ndugu. Besi laini ya wimbi tupu haina ndugu, ni noti ya chini peke yake. Fanya hivi: nakili njia ya besi. Nakala hiyo ichafue kidogo kwa plagini ya kukoroga sauti mpaka ipate ukwaruzo, kisha ondoa kila kilicho chini ya hezi 150. Irudishe chini ya ile ya kwanza, polepole, mpaka uisikie kwenye simu. Kwenye spika kubwa hakuna atakayegundua. Kwenye simu, besi itakuwa imefufuka.

Log drum ya amapiano inafaulu kwenye simu kwa sababu hiyohiyo. Mbali na uzito wa chini, ina mgongo mgumu wa mbao unaosikika popote. Sikiliza inavyopita kwenye spika ya bodaboda.

Kiki na besi nazo zipatane. Wengi wetu tunatumia sauti iliyozaliwa na mashine ya Roland TR-808 ya mwaka 1980, ambayo kiki yake ikivutwa mkia inageuka kuwa besi yenyewe. Hapo itune. Kiki yenye mkia mrefu ina noti, na noti hiyo ikigombana na ki ya wimbo, mwimbaji atahisi anaimba nje ya tuni ilhali mwenye kosa ni ngoma. Ukitumia kiki na besi zilizotengana, ishushe besi kwa muda mfupi kila kiki inapogonga. Na besi ibaki katikati, usiitandaze kushoto na kulia. Grosari nyingi mtaani zina spika moja tu inayofanya kazi.

8. Punguza sauti

Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu linasikia besi kwa shida sauti inapokuwa ndogo, na linaisikia vizuri sauti inapokuwa kubwa. Maana yake kwetu ni nyepesi: ukifungulia mno, kila biti ni nzuri. Nafanya kazi kwa sauti ambayo mtu akinisemesha mlangoni namjibu bila kuvua hedifoni. Kiki ikisikika vizuri hapo, itasikika popote. Naongeza sauti mara chache, dakika moja au mbili, kisha narudisha.

Weka pia wimbo wa mfano ndani ya projekti, ule ambao unaupenda na unajua unavyosikika kwenye daladala na kwenye harusi. Ushushe mpaka ulingane na biti yako, kwa sababu wimbo uliokwisha kufanyiwa masteringi una kelele zaidi na utakudanganya. Halafu uliza swali moja kwa wakati mmoja: besi yao iko wapi kuliko yangu? Sauti ya mwimbaji wao iko mbele kiasi gani? Usiulize maswali yote pamoja.

9. Maliza wimbo mzima

Kifungu cha sekunde nane kinachozunguka kinapendeza, na mtu anaweza kukaa nacho mpaka alfajiri akibadilisha sneya. Lakini msanii haimbi kifungu. Anaimba wimbo.

Hesabu ya kuanzia ni hii. Kwa mapigo 100 kwa dakika, baa moja ya mapigo manne ni sekunde 2.4. Baa 4 za utangulizi, 8 za kiitikio, 16 za ubeti, 8, 16, 8 tena: jumla baa 60, sawa na dakika 2 na sekunde 24. Huo ni wimbo unaoweza kupigwa redioni. Utandaze kifungu chako mpaka baa ya 60, kisha anza kuondoa. Ubeti wa kwanza toa besi kwenye baa nne za mwanzo. Kabla ya kiitikio, nyamazisha kila kitu kwa pigo moja. Ubeti wa pili leta ile sauti ya vikombe ambayo haikuwepo wa kwanza. Kuongeza ala mpya si lazima. Kuingia na kutoka kwa zilezile kunatosha kumfanya msikilizaji asubiri.

Nyimbo za dansi zilikuwa na siri nyingine ninayoipenda: sehemu ya kwanza ya kusimulia, ya pole, na ya pili ya sebene, ambapo maneno yanapungua na magitaa yanachukua uwanja. Jaribu kumpa mchezaji sebene yake kwenye biti ya kisasa. Baa 16 za mwisho bila ubeti wowote, mdundo na kiitikio cha watu wengi tu. Harusini zitarudiwa.

10. Umeme

Umeme hukatika bila taarifa, kwa hiyo hifadhi kazi kila unapomaliza wazo, na washa uhifadhi wa moja kwa moja kwenye programu. Betri ya laptopu iwe nzima. Nakala moja ikae kwenye flashi, na nyingine mahali pengine kabisa, nje ya chumba hicho. Kila faili liandikie jina la msanii, kasi na ki, ili miezi ijayo mtu akikupigia simu usianze kufungua faili moja moja.

11. Andikianeni kabla wimbo haujatoka

Vijana wengi wananiuliza kuhusu plagini, wachache wananiuliza kuhusu karatasi, na karatasi ndiyo itakayowalisha. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na chini yake ipo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ambako kazi za muziki zinasajiliwa. Kazi ya ubunifu inalindwa. Lakini sheria haiwezi kujua mlikubaliana nini chumbani usiku, wewe na rafiki yako, mkiwa na furaha ya wimbo mpya.

Maneno yenyewe ni machache. Nani ametengeneza biti, nani ameandika maneno, nani ameimba. Biti imeuzwa moja kwa moja au mtagawana mapato, na kama mtagawana, kila mmoja asilimia ngapi. Msanii anaweza kuitumia peke yake, au nawe una haki ya kumpa mwingine. Jina lako litaandikwa wapi. Kama mmetumia sampuli ya wimbo wa mtu, nani ataomba ruhusa na lini. Tarehe, sahihi mbili, shahidi akiwepo ni bora zaidi.

Msanii mwema hakasiriki ukimletea karatasi. Nilipompelekea yule dada wa Kinondoni, aliisoma yote pale kibarazani, akaniuliza kuhusu kipengele cha asilimia, tukajadiliana mpaka kila mmoja akaridhika. Kisha akaomba nakala ya biti yenye ala zilizotenganishwa, akaifanyie mazoezi na wenzake wa kwaya. Nikamtumia usiku uleule, kila ala faili lake, zote zikianzia baa ya kwanza ili zisipishane zikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine.